Kuran inarudi lakini kompyuta ya mu kofre inabaki imelala: shida iko wapi?

Swali ya leo imetoka kwa ndugu mumoja wa hapa Goma mwenye anachungaka pompi ya maji ya kikundi chao. Anaandika hivi: « Mukubwa, niko na kompyuta ya kiwanda, ile ndogo ya chuma haina ventilateri, iko mu kofre ya kufunga na kadena, inapima maji mu tanki na inaamuru pompi. Zamani kuran ilikuwa inakatika, kompyuta inakufa palepale, kuran ikirudi inajiwasha yenyewe, lakini ile kukufa kila siku iliniharibia disiki mara mbili. Nikanunua onduleri (sanduku ya batri yenye inashika kuran ikikatika) yenye kamba ya USB, nikaweka programu ya kuizimisha muzuri. Sasa disiki iko salama lakini kompyuta haijiwashi tena. Si siku zote, siku zingine inajiwasha, zingine inabaki imezima mpaka nipande moto (pikipiki), nifike na ufunguo, nifungue kofre, nibonyeze buto. Na mu BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta yenyewe) nilishaweka iwake kuran ikirudi. Sijui nilikosea wapi. »

Ndugu yangu, asante kwa kueleza yote, ju ile maneno yako « si siku zote » njo imebeba jibu. Kwanza uliza zamu (mulinzi) wako hivi: siku zenye kompyuta ilijiwasha yenyewe, kuran ilikuwa imekatika muda gani? Na siku zenye ilibaki imelala? Mi nasema, bila kufika kwako, siku ilijiwasha kuran ilikuwa imepotea masaa mingi, na siku ilibaki imelala kuran ilipotea kidogo tu, dakika kumi, robo saa, ikarudi. Inaonekana kinyume na akili, si ndiyo? Kukatika kwa muda mrefu kunaleta uzima, kukatika kwa muda mufupi kunaleta safari ya moto.

Sababu ni kwamba ile kitu uliweka mu BIOS haisemi « kama kuran iko, waka ». Inasema « kama kuran ilipotea kabisa kisha ikarudi, waka ». Kompyuta yenye ilizimwa muzuri na programu haijakufa, imelala. Ndani yake kuna ka-kuran kadogo ka kungojea kenye kanaendelea kupita, njo maana ukigusa buto inaamka palepale, na ka-taa ka upande wa kamba ya rezo kanaweza kubaki kanawaka hata ekrani iko nyeusi. Sasa fuata saa pamoja nami. Saa 12:30 ya mangaribi kuran inaenda, onduleri inashika. 12:32 programu inaambia kompyuta ilale. 12:33 imelala, yote kimya. Lakini onduleri ingali inatoa 220 volti, na ju kompyuta haikuli kitu tena, batri inaweza kukaa hivyo hata saa nzima. 12:41 kuran inarudi. Jiweke mu fasi ya kompyuta: umeona nini? Haukuona kitu. Kwako kuran haikupotea hata sekunde moja. Basi unaendelea kulala ju hakuna mutu alikuambia uamke. Lakini kama kuran ingekaa mpaka batri ya onduleri iishe, onduleri ingekufa, ka-kuran ka kungojea kangekufa pia, na kesho kuran ikirudi kompyuta ingeona kweli kitu kilipotea na kikarudi, na ingeamka.

Kwa hiyo kazi ya kuzima na kazi ya kuwasha si kazi mbili, ni moja. Ukishaamua kuizimisha kompyuta ya mu kofre, lazima kitu fulani inje yake kikate kuran yake kabisa, kisha kiirudishe. Yenyewe haiwezi kujikata. Na neno lingine lenye ningependa uandike ku mulango wa kofre na marker: amri ya kuzima ikishatoka, hakuna kurudi nyuma. Hata kama kuran imerudi katikati, kompyuta ingali inafunga mafaili, lazima ifike mwisho, ikatwe, ingojee, kisha irudishwe. Ile dakika moja ya katikati njo inalizaka watu wengi.

Mbele ya onduleri, hakikisha kwanza mu BIOS. Mashini nyingi ziko na chaguo tatu, jina linabadilikaka kufuata fabrika, wengine wanaandika « Restore on AC Power Loss », wengine « After Power Failure » ao « State After G3 ». Chaguo ya kwanza ni kubaki imezima, ya pili ni kuwaka, ya tatu ni « Last State », yaani kurudia hali yenye ilikuwa mbele. Ile ya tatu inadanganya watu ju inaonekana ya busara. Kama kompyuta ilikuwa inatumika kuran ikakatika ghafla, itawaka. Lakini kama ilizimwa muzuri na programu mbele kuran iishe, hali ya mwisho ilikuwa « imezima », na itabaki imezima mpaka mutu akuje. Kwako weka kuwaka, daima. Kama kompyuta yako iko na ka-swichi kadogo kenye kameandikwa AT na ATX, ujue AT inamaanisha iwake tu vile kuran inaingia bila kungojea buto, na mu kofre ya mbali hiyo njo mi napendaka kama fabrika inairuhusu, lakini hata AT haitakusaidia kama onduleri haikate.

Sasa onduleri. Kama uko na Linux na unatumia NUT (programu ya bure ya kusimamia onduleri), kazi yote iko ndani tayari, watu wanasahauka tu kuimaliza. Kompyuta inapofika mwisho wa kuzima, NUT inatuma amri kwa onduleri: hesabu kidogo, kata, kisha kuran ikiwa iko, hesabu tena, rudisha. Mu drayveri ya usbhid-ups hizo hesabu mbili zinaitwa offdelay na ondelay, na usipozigusa ni sekunde 20 na sekunde 30. Ile ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza. Mi kwa huku naweka kubwa zaidi, 60 na 180 kama onduleri inakubali, nitaeleza mbele kidogo ju ya nini. Angalia pia mu faili ya NUT yenye inaitwa upsmon.conf kama POWERDOWNFLAG imeandikwa, ju bila ile alama, wakati wa mwisho wa kuzima hakuna mutu anakumbuka kutuma amri, kompyuta inalala na onduleri inaendelea kuilisha, sawasawa na shida yako. Kama uko na Windows, programu ya fabrika ya onduleri mara mingi iko na fasi ya kuchagua izime onduleri pia nyuma ya kompyuta, tafuta ile fasi, lakini hapo hesabu iwe ndefu, ju kwa Windows amri inaweza kutoka mapema, kompyuta ingali inafunga programu zake. Chukua telefone, washa saa ya kuhesabu, zimisha kompyuta na kila kitu kikitumika, ona sekunde ngapi mpaka taa ya mwisho. Ukipata 50, weka 150. Na ku Linux ujue serivisi moja yenye imekwama inaweza kushika kuzima mpaka sekunde 90 mbele systemd (programu yenye inaongoza serivisi za Linux) iivunje kwa nguvu, basi hesabu na hiyo.

Kuna onduleri za bei ya chini zenye hazisikilize hii amri, zingine USB yao inatoa tu habari ya batri, zingine hazina USB yenyewe. Mbaya zaidi kuna zenye zikishakata kwa batri kuisha hazijiwashi zenyewe kuran ikirudi, zinangojea mukono. Jaribu yako leo: ondoa fishi ku ukuta, acha mpaka ikufe kabisa na taa moja ya kawaida ku mutoko, kisha rudisha fishi na usiguse kitu. Taa haiwake? Basi hiyo onduleri si ya kofre, ipeleke ku biro.

Na tena, mbele ya kununua ingine ya 220, soma etiketi ya kompyuta yenyewe. Hizi za chuma mara mingi zinakula kuran ya DC, 24 volti ao kutoka 9 mpaka 36. Kama yako iko hivyo, kuna onduleri za DC za kushika ku reli ya kofre pamoja na disjonkteri (swichi ya usalama ya kukata kuran), na zingine zilitengenezwa kabisa kwa kazi hii: zinapatia kompyuta alama ya kuzima, zinahesabu, zinakata, na hata kama kuran ilirudi katikati zinakata sekunde chache kwa makusudi ili kompyuta iamke. Ni bei, siwezi kukudanganya, lakini unaacha kugeuza batri kuwa 220 kisha adapteri igeuze tena kuwa 24, na ile kugeuza-geuza inakulaka batri bure na kuleta joto mu kofre yenye imefungwa.

Wakati ungali unatafuta pesa, kuna kitu cha bure chenye kinaweza kukuokolea moto hata leo, kama ni Linux. Mbele ya kuzima, ambia saa ya ndani ya kompyuta iiamshe. Mu skripti yako ya kuzima ongeza mustari wa « rtcwake -m no -s 900 » kisha ndipo amri ya kuzima. Hiyo 900 ni sekunde, dakika 15. Ona vile inafunika pengo: kama kuran ilirudi haraka na onduleri haikukata, saa inaamsha kompyuta nyuma ya dakika 15. Kama batri iliisha na kila kitu kikakufa, ile saa ya kuamsha inapita bure, haina neno, ju kuran ikirudi BIOS itaona ilipotea na itaamsha yenyewe. Na kama inaamka nyuma ya dakika 15 kuran ingali haiko, programu itaona iko ku batri na itazima tena, ila inakula kidogo ya batri, basi usiweke dakika mbili. Sharti moja: mu BIOS kama kuna fasi imeandikwa ErP, izime, ju ErP inakata ile ka-kuran ka kungojea ili kuchunga umeme, na ikikatwa saa haiamshi kitu, na kuamsha kwa rezo pia hakutumike.

Sasa ile sababu mi naweka hesabu kubwa ya kurudi. Kuran ya huku ikirudi, mara mingi hairudi mara moja. Inakuja sekunde tatu, inaenda, inakuja dakika moja, inaenda, taa za mu nyumba zinacheza, kisha ndipo inatulia. Kama kompyuta inawaka ku mapigo ya kwanza, utaikata katikati ya kuamka, na kuamka njo wakati inaandika vitu mingi ku disiki. Dakika tatu za kungojea hazitaharibu maji ya mutu. Na tena kondensateri za mu adapteri zinachungaka kuran kidogo nyuma ya kukata, ukirudisha nyuma ya sekunde mbili karte mere (karte kubwa ya ndani ya kompyuta) inaweza kuwa haijakufa wala haiishi, inabaki hapo katikati, taa inawaka lakini hakuna kitu kinapita. Kukata kuwe sekunde 30 kwa uchache.

Hapo nikupe jambo lenye lilinisumbua siku mbili, ku kofre moja karibu na ziwa. Kila kitu kilikuwa sawa ku karatasi, onduleri inakata, inangojea, inarudisha, na kompyuta haiamki. Nikafungua kofre usiku na tochi, nikashusha disjonkteri ya kompyuta mwenyewe na mukono, nikangoja. Ka-taa ka kijani pembeni ya kamba ya rezo kalipungua nguvu lakini hakakuzima. Nikaweka multimetri ku mutoko wa USB: volti mbili na kitu. Kuran ilikuwa inatoka wapi na disjonkteri iko chini? Ilikuwa ka-hub ka USB, kenye kalikuwa na adapteri yake ingine imefungwa ku priza ingine ya mu kofre, na kalikuwa kanarudisha kuran nyuma kwa kompyuta kupitia kamba ya USB. Kompyuta haikuwa inakufa kabisa, basi haikuona kitu kurudi. Nikapeleka adapteri ya hub ku mutoko moja na kompyuta, ikaisha. Kwa hiyo pima yako: shusha disjonkteri, ngoja dakika moja, taa zote za kompyuta lazima ziwe nyeusi kabisa. Kama moja inawaka hata kidogo, ondoa kamba moja moja, ekrani, hub, konvertiseri ya RS-485, mpaka upate mwizi. Vitu vyote vyenye vinagusa kompyuta vikatwe pamoja nayo. Lakini pompi yenyewe usiiweke ku onduleri, mota ikianza inavuta kuran mara nyingi kuliko kawaida yake na itaangusha kila kitu.

Na ju ya pompi, tafazali sana: hakikisha kompyuta ikiamka mitoko yake ya rele inabaki wazi (yaani pompi imezima) mpaka programu ikuwe imesoma tanki. Niliona fasi pompi inajianza yenyewe ku sekunde ya kwanza ya kuamka, na fundi alikuwa na mukono ndani. Alipona. Weka rele ya pompi ipite pia ku kontakti ya mukono yenye fundi anazima na kuifunga na ufunguo wake mwenyewe.

Kama unataka buto inje ya kofre ili usifungue kadena kila mara, ni wazo zuri, mara mingi kuna fasi ya waya mbili ya buto ya mbali. Lakini chukua buto ya kubonyeza na kuachilia, usichukue swichi ya kubaki imefungwa. Buto ikishikwa karibu sekunde nne, kompyuta inaelewa « kufa kwa nguvu », na ukiweka swichi ya kubaki itawaka, itahesabu sekunde nne, itakufa, na utafikiri adapteri imeharibika. Waya usiwe murefu wala usitembee pamoja na waya za mota. Zamu mufundishe hivi tu: bonyeza mara moja, achilia, ngoja dakika mbili, usibonyeze tena.

Kuna siku kompyuta itaamka kweli lakini itakwama njiani, na kwa mbali utafikiri haijawaka. Mu BIOS ondoa kungojea klavye. Ku Ubuntu, nyuma ya kuamka vibaya GRUB (programu yenye inaanzisha Linux) inakaaka ku menyu, weka GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT kidogo, sekunde tano. Ku Windows zima ile kuanza haraka, Fast Startup, yenye iliingia na Windows 8, ju na hiyo kuzima si kuzima kamili, ni kulala nusu, na zima pia ile ekrani ya kurekebisha yenyewe yenye inangojea mutu achague. Na badilisha batri ya duara ya CR2032 mbele ikufe, ju ikiisha, mu mashini mingi BIOS inasahau yote uliweka, na unarudi kwenye shida ya leo bila kujua ju ya nini. Joto la kofre inaikulaka haraka, andika tarehe juu yake na marker.

Neno moja la ardhi yetu: Goma imekaa juu ya majiwe ya volkano, na kupata terre (waya ya kupeleka kuran mu udongo) nzuri ndani ya lava ni kazi nguvu, fimbo moja ya chuma juujuu haitoshe. Muite elektrisien apime, usikubali « iko tu », ju mapigo ya kuran ikirudi na radi zinatafuta fasi ya kutokea, na kama terre haiko zinapitia ku kompyuta yako.

Mbele ufunge kofre, jaribu. Si mara moja. Kata sekunde 30, kata dakika tatu, kata dakika kumi, kata mpaka onduleri ikufe. Kisha ile ya muhimu kuliko zote: kata, ngoja mpaka kompyuta ianze kuzima, na rudisha kuran hapo katikati. Fanya kila moja mara tano, bila kugusa buto, na uandike ku karatasi ilichukua muda gani kuamka. Ikikosa mara moja tu kati ya zote, haijaisha. Kisha uniandikie aina ya onduleri yako, sekunde zenye kompyuta inachukua kuzima, na kama ni Windows ao Linux, nikuambie hesabu gani uweke.